Tupeane uzoefu: lori la zamani linachemsha na kuisha nguvu mlimani, kwako chanzo kilikuwa nini?

Wakuu habari za majukumu. Naanzisha huu uzi kwa sababu nimeumia na sitaki mwingine aumie kwa kitu kilekile. Nina Fuso 6D16 ya turbo (ile feni inayosukumia injini hewa), imetembea sana, kazi yake ni kupandisha saruji kutoka Dar kwenda Njombe, mifuko 200 kila safari. Mwaka jana ikaanza tabia, tambarare yote kuanzia Chalinze mpaka Mikumi inaenda vizuri mshale wa joto uko katikati, ukianza tu kupanda mlima wa Kitonga nguvu inaisha, gia ya tatu inakataa unarudi ya pili, ya pili inakataa unarudi ya kwanza, nyuma moshi mweusi tii, na mshale unapanda mpaka unagusa nyekundu. Unapaki nusu saa inapoa, ukiondoka hata kilometa mbili hazifiki yaleyale.

Fundi wa kwanza hakuuliza chochote, akasema hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini. Tukashusha hedi, ikachongwa, gasketi mpya, zaidi ya milioni na nusu ikaondoka. Safari iliyofuata palepale Kitonga ikachemsha. Wa pili akasema rejeta, tukaifungua tukaizibua, ikawa nafuu kidogo kwenye joto lakini nguvu hakuna. Wa tatu ni mzee mmoja nilimpata Ruaha Mbuyuni, huyu ndio aliniuliza swali ambalo wenzake hawakuuliza, inachemsha ukiwa wapi na moshi wake una rangi gani. Nikamweleza. Akaingia chini ya gari, akapitisha mkono chini ya ule mpira mkubwa unaotoka kwenye turbo kwenda intakula (rejeta ya kupoza hewa), vidole vikatoka na oili. Mpira umechanika upande wa chini, mpasuko wa urefu wa kidole. Gari ikiwa sailensi, inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta, huuoni maana unajifunga wenyewe, turbo ikianza kusukuma mlimani unaachama na hewa yote inatokea hapo. Dizeli inaingia ileile ila hewa haitoshi, ndio huo moshi mweusi, ndio nguvu kuisha, na wewe unazidi kukanyaga kwa gia ndogo, gari inatambaa, upepo hauingii kwenye rejeta, joto litaacha vipi kupanda? Mpira mmoja na klampu mbili, kazi ya saa moja. Mpaka leo napanda Kitonga na gia ya tatu sehemu nilizokuwa natambaa na ya kwanza.

Naomba kila mtu aseme gari gani, ilikuwa inachemsha wakati gani, na chanzo halisi kilikuwa nini. Hiyo wakati gani msiiruke.

Dereva wa viazi, Molo

Hapo kwa wakati gani umenena kabisa ndugu yangu. Yangu ni Isuzu FRR, natoa viazi Molo nikileta Nairobi. Hii ilikuwa inachemka hata kwa barabara sawa bila mlima, na nilikuwa nasikia kama kuna mtu ananishika nyuma, ukiachilia mafuta gari haiserereki, inasimama tu. Mekanika akabadilisha wota pampu, akabadilisha themostati, wapi. Siku moja nimesimama Naivasha nikapita kando ya gurudumu la nyuma kushoto nikasikia joto kwa mguu, nikadondosha matone mawili ya maji kwa dramu ya breki yakaruka tsss. Breki ya hilo gurudumu ilikuwa hairudi! Wiki tatu mzima injini inavuta viazi na breki pamoja. Siku hizi kabla sijainua kebini nazunguka magurudumu yote na kiganja, moja ikiwa moto kushinda zingine naanzia hapo. Kiganja kikaribie tu kisiguse, na usimwage maji mengi kwa dramu ya moto, inapasuka.

Fundi, Singida

Magari mengi yananijia yakiwa yameshindwa mlima wa Sekenke, na kitu ninachokuta karibu kila wiki ni themostati imetolewa. Dereva atakwambia nimeitoa ili maji yapite vizuri. Ndugu zangu naomba hili mnisikilize. Kwenye injini nyingi za malori ya dizeli themostati inafanya kazi mbili, ikifunguka inayaachia maji yaende rejeta na hapohapo kisahani chake cha chini kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote, maji mengine yanazunguka ndani kwa ndani hata rejeta hayaioni. Tambarare hutasikia kitu, subiri mlima na mzigo. Kuipima ni rahisi, ifunge uzi uining'inize kwenye sufuria ya maji jikoni, nyingi zinaanza kufunguka kwenye joto la nyuzi 76 mpaka 82, kwahiyo maji kabla hayajachemka inatakiwa iwe imeshaachia. Haifunguki, nunua nyingine.

Halafu mfuniko wa rejeta, watu wanaudharau sana. Maji yaliyo wazi kule juu, mita 1,600 hivi, yanachemka kwenye nyuzi kama 95 tu, mfuniko ndio unayashikilia kwa presha. Raba yake ikiisha, gari ambayo Dar haina tatizo itakutapikia maji Makambako.

Utingo wa zamani, sasa dereva

Yangu ilikuwa nguvu tu joto hakuna, naiweka ili watu watofautishe. Inaenda kama dakika arobaini inaanza kulegea mpaka inazima, ukikaa robo saa inawaka kama haijawahi kuumwa. Filta ya dizeli mpya, bado. Kuna siku nafungua mfuniko wa tenki nikasikia unavuta hewa fyuuu, tundu la kupumulia limezibwa na tope kavu, dizeli inashindwa kutoka. Nikalizibua na kijiti. Moshi haukuwepo kabisa, kwahiyo kwa nilivyojifunza mimi nguvu ikiisha na moshi mweusi naanza kutafuta hewa, ikiisha bila moshi naanza na dizeli.

Mwenye gari, Mbeya

Mimi yangu inauma. Scania 113, nilikuwa nimekaa kiti cha abiria siku hiyo. Mshale ukapanda mpaka nyekundu, tukawa tunatafuta pa kupaki, mara ukashuka wenyewe hadi chini kabisa. Tukamshukuru Mungu tukaendelea na safari. Kumbe mpira wa chini wa rejeta umechomoka, maji yote yameisha, sensa ya joto imebaki hewani haina maji ya kupima, ndio maana ikasoma baridi. Injini ikakamata, ikagoma kuzunguka, hatua chache mbele. Ile gari ndio ilikuwa inasomesha watoto wangu wawili. Nawaomba, mshale ukipanda halafu ukashuka ghafla bila sababu zima hapohapo hata kama uko katikati ya barabara, weka matawi. Na msifungue mfuniko wa moto, wala msimimine maji ya baridi kwenye injini iliyoungua, hedi itapasuka.

Mgeni kwenye uzi

Poleni sana wakuu. Yangu Canter 4D33, nikiwasha asubuhi ikiwa baridi kabisa, dakika mbili tu mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe, na kwenye chupa ya akiba mapovu hayaishi. Maji yanapungua kila siku ila sioni yanapovuja. Kesho nina mzigo wa vitunguu.

Fundi, Singida

Dakika mbili maji hayajapata moto wa kuleta presha hiyo mkuu, hiyo inatoka kwenye silinda. Yako ndio hedi kweli, au gasketi yake. Chomoa kijiti cha oili uangalie kama ina rangi ya chai ya maziwa, ikiwa hivyo usiiwashe tena. Na hedi ikishuka ipimwe ufa kwa presha kwanza, ndio ichongwe, ukichonga hedi yenye ufa hela yako imepotea. Vitunguu mpe mwenzako avibebe. Upo wapi?

Mgeni kwenye uzi

Babati. Nimechomoa kijiti sasa hivi, oili nyeusi kawaida. Lakini sipakii, nimeshampigia mwenye vitunguu.