Mjadala: Kila kaya Mwanza ilazimishwe kutenga taka?

Wakuu, kwenye kikao cha mtaa wetu limeletwa pendekezo hili: kila kaya itenge taka zinazooza na zisizooza, na asiyetenga, taka zake zisizolewe. Wengi wamelikataa palepale. Mimi naliunga mkono.

Mwaga kiroba cha nyumbani kwako uone. Maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, vichwa vya dagaa, kiporo cha ugali. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni hizi zinazooza. Ndizo zinazokitia kiroba uzito na harufu, nasi tunalipia zipelekwe dampo la Buhongwa wakati jirani mwenye kuku au bustani anazitaka. Ukizitoa, zinabaki chupa, vifuko vya karanga, pampasi. Chupa kavu ina mnunuzi. Iliyolowa mchuzi uliochacha hata mwokota chupa anaipita.

Na zinazopitwa tunajua ziendako. Mvua kubwa ikinyesha, mitaro ya Mabatini inazimimina Mto Mirongo, nao unaishia ziwani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na rambo zimepungua kweli, lakini chupa na vifungashio vingali vinaelea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta plastiki tumboni mwa sangara na sato wa hapahapa Mwanza, mmoja katika kila watano waliopimwa. Na maji ya bomba yanatoka ziwa hilohilo!

Mkazi wa mlimani:
Mkuu, huku kwenye mawe gari halifiki. Tunashusha viroba kichwani mpaka barabarani, na siku gari lisipokuja mbwa wanavichana. Leo nishushe viwili? Halafu nikishatenga, wazoaji wanavirusha vyote kwenye bodi moja. Anzeni na gari.

Mpangaji:
Nyumba yetu choo kimoja, jalala moja, familia kibao. Aliyechanganya atajulikanaje?

Mleta mada:
Ya gari ni kweli tupu, ndugu yangu. Mzoaji abanwe kabla ya mwananchi: siku ya taka mbichi iwe yake, ya kavu yake, kwa gari hilohilo. Lakini huko mlimani ndiko kutenga kunakolipa zaidi. Maganda yakibaki hukohuko juu, kwa kuku, kwa mbuzi au kwenye shimo la mbolea, hakuna kiroba cha pili. Unashusha kimoja, chepesi, na mbwa hana cha kufuata humo. Kwa nyumba za kupanga, mwenye nyumba ndiye alazimishwe kuweka mapipa mawili.

Mpangaji:
Akilazimishwa, mapipa hayo atayaongeza kwenye kodi yetu. Kikao kijacho mtuambie nani atamzuia.