Kigongo cha krikiti darini kwa babu, Wete: nani humu aliwahi kucheza?

Mjukuu_Utaani
Assalaam alaykum. Juzi tulipanda darini kwa marehemu babu kutafuta mapakacha, msimu wa karafuu unakaribia. Tukakuta kigongo kipana cha krikiti, kimepasuka ncha na kimezungushwa mshipi wa kuvulia, raundi kama kumi na tano. Bibi kasema tu "wakicheza huko Limbani", akacheka, akaingia jikoni. Kuna aliyeiwahi krikiti ya shamba Pemba? Na mshipi ule wa nini?

Mzee wa Limbani
Waalaykumu salaam mjukuu wangu. Nimeiwahi, na kovu ninalo kwenye ugoko.

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka 12. Krikiti ya wakubwa ilikuwa Unguja mjini, Mnazi Mmoja, watu na nguo zao nyeupe. Sie huku kigongo kilikuwa kimoja tu, cha kijana wa Kihindi ambaye babake alikuwa na duka la nguo Wete. Akija kwa baiskeli, kigongo kakifunga nyuma kwa mpira wa tyubu. Kwa kuwa chake, kila siku anaanza yeye kupiga. Na akitolewa hatoki.

Ndiyo maana tukaweka debe la mafuta ya taa badala ya vijiti vitatu vya nyuma ya mpigaji, ambavyo mpira ukiviangusha yeye katolewa. Vijiti vina ubishi: vimeanguka, havijaanguka, upepo huo. Debe likigongwa, hata aliyeko kisimani kasikia. Hapo hana la kusema, atatoa kigongo huku kanuna.

Mpira ulikuwa wa tenisi, tumeucheza mpaka manyoya yakaisha ukawa kama kipara. Ulipopotea, nani atakuletea mwengine? Mchele na sukari wenyewe kwa foleni. Tukakata tyubu za baiskeli vipande vyembamba, tukavizungusha juu ya kitambaa mpaka ukajaa mkononi. Mzito, na ukidunda hujui unakwenda wapi. Huo ndio ulionipa kovu.

Sasa mshipi. Kigongo cha krikiti hakichongwi kwa mfenesi wala mvule. Ule mti wa Uingereza wanaouita willow ni mwepesi na laini, unataka uwanja wenye majani au mkeka wa makumbi. Sie tulichezea ardhi kavu, na mpigaji akisubiri mpira hukigongagonga chini. Ncha ikipasuka hapana fundi. Basi mvuvi hukufungia, fundo lile lile la kufungia ndoana, na halifunguki.

Binti Karafuu
Ami, mbona majamvi umeyaruka? Mie nilikuwa mdogo, kazi yangu kukaa na ufito kufukuza kuku kwenye karafuu za mama. Mpira ukishaingia jamvini, nyinyi mnakuja mbio wanne kwa miguu ile! Karafuu ikikanyagwa kichwa kinatoka, na isiyo kichwa daraja lake linashuka. Mama aliuchukua ule mpira akautia ndani ya kinu, akakaa juu yake mpaka magharibi.

Mzee wa Limbani
😂 Kumbe wewe ndiye mwenye ufito! Kweli kabisa. Baada ya siku ile tukaweka sheria: ukipiga mpira ukaangukia jamvini, umetoka, na unakwenda kuomba radhi peke yako. Watu wakajifunza kupiga upande wa minazini. Lakini kinu chenu kilituumiza, tulikuwa tumebakisha mbio 3 tu, yaani alama 3, tushinde.

Kijana wa Mlandege
Nilidhani krikiti ni ya mjini tu. Nimesoma Kombe la Dunia la kwanza la krikiti la wanaume, Uingereza 1975, kulikuwa na timu ya Afrika Mashariki, wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Walifungwa mechi zote 3. Nyinyi hamkufikiria kwenda mbali?

Mzee wa Limbani
Mbali wapi mwanangu, na kigongo si chetu? Kabla ya huo 1975 mwenye duka alihamia Dar na familia yake. Kijana alikuja kutuaga na baiskeli yake, kigongo kiko nyuma vile vile. Tulimtazama mpaka akapotelea kwenye mikarafuu, na sikwambii tulikuwa tukimtazama nani, yeye au kigongo. Tukachonga upongoo wa mnazi. Ukiwa mbichi unapiga vizuri, ukikauka mtetemo wake unakufika mpaka kwenye meno. Msimu mmoja tu, tukarudi kwenye mpira wa miguu.

Mjukuu, hicho cha babu yako sikijui alikipataje. Muulize tena bibi, akiwa hajaingia jikoni.

Mjukuu_Utaani
Kaniambia kimoja tu: "Mwenye kinu alikuwa dada yangu." Nitamkalia mpaka aseme. Kwa sasa kigongo kimekauka sana, nikipake mafuta ya nazi?

Mzee wa Limbani
Usithubutu. Panya watakila usiku mmoja. Tafuta mafuta ya kitani kwa mafundi seremala, paka kidogo kwa kitambaa, na usikianike juani.