Mrejesho: gego langu na karafuu

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeuliza kama karafuu kweli hutuliza jino, baada ya gego la chini kuninyima usingizi siku tatu. Aliyesema niitafune upande wa pili mpaka ilainike, kisha niibane kwenye jino, Mungu ambariki. Ilichoma, mate yakajaa, ulimi ukafa ganzi, nikalala! Kumbe ni yujenoli, kemikali ya kutia ganzi iliyomo kwenye mafuta ya karafuu. Ila alfajiri likaanza tena kupwita. Daktari wa meno kaangalia: tundu limefika kwenye neva. Jumatatu naanza matibabu ya mzizi wa jino (kusafishwa ndani ya jino na kuzibwa). Halafu yale mafuta ya karafuu matupu niliyopaka (kiherehere changu) yameniunguza fizi, hadi leo chai ya moto siigusi.