Mrejesho: Kupaa kwa parachuti juu ya ziwa la Annecy, Ufaransa

Habari zenu, wapendwa. Niliwauliza iwapo mtu anayeogopa misukosuko ya hewa apae na rubani asubuhi au alasiri, na wengi wenu mlinishauri asubuhi. Nawashukuru kwa dhati, kwani ulikuwa ushauri sahihi.

Mahali pa kurukia ni mteremko wa majani karibu na Col de la Forclaz, njia ipitayo kati ya milima, na kituo cha kutua ni kijiji cha Doussard, takriban mita 800 chini yake. Asubuhi hewa hutulia, lakini kadiri jua linavyoipasha miamba joto, hewa hupanda kwa nguvu na upepo wa bondeni huzidi, jambo ambalo marubani wazoefu hulitafuta ilhali mgeni huyumbishwa nalo.

Rubani wangu alizichambua kamba moja moja kwa vidole, akakagua mikanda ya mapajani mwangu mara mbili, kisha akasubiri hadi kitambaa cha mlingotini kikapeperuka kuelekea mlimani, maana parachuti huruka ikiukabili upepo. Aliniagiza nikimbie wakati wa kuruka bila kuketi kitini mapema. Kwa maoni yangu, hilo ndilo agizo muhimu kuliko yote.

Kwa aliyeuliza kuhusu mavazi: viatu vinavyoshika vifundo vya miguu na koti la kuzuia upepo vinahitajika hata wakati wa kiangazi.