Leseni ya unesi nimepata ila ina masharti, na kazi sipati. Nishaurini kabla sijajibu Ijumaa

Mwana_Pangani

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, naishi Texas mwaka wa tisa sasa, umri miaka 33. Jina hili si langu kwa sababu ndugu zangu wengi wanasoma humu.

Nilipofika huku nilibeba boksi kama wengine: usiku nalea wazee, mchana shule. Pombe ilianza kama dawa ya usingizi. Natoka zamu saa moja asubuhi, mwili umechoka, macho hayafungi, nakunywa kidogo nilale. Baada ya miaka miwili nilikuwa siamki bila hiyo hiyo pombe. Mwaka 2021 nilikamatwa naendesha gari nimelewa. Namshukuru Mungu sikumgonga mtu. Nikaingia matibabu siku 45, nikatoka, nikarudia kunywa, nikaingia tena. Tangu ile mara ya pili ni miezi 29 sijaonja.

Chuo nimemaliza, mtihani wa NCLEX, ule wa kupata leseni ya unesi, nimefaulu mara ya kwanza. Lakini kwa ile kesi, bodi ya uuguzi imenipa leseni yenye amri ya miaka miwili. Nifanye zamu za mchana tu, kwa mwajiri mmoja, mahali ambapo nesi mwingine mwenye usajili kama wangu yupo nami wodini. Kazi za wakala hapana, saa za ziada hapana, kuitwa usiku kwa dharura hapana. Mwaka wa kwanza siruhusiwi kutoa dawa kali za maumivu wala za usingizi. Msimamizi apeleke ripoti yangu kila miezi mitatu. Na kila asubuhi natazama kwenye simu kama jina langu limetoka kupima mkojo. Likitoka naenda siku hiyo hiyo, kwa pesa yangu.

Yote hayo nimeyapokea. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba ile miaka miwili haianzi kuhesabiwa mpaka nipate kazi ya unesi, na mwezi ambao sikufikisha saa 64 kazini haumo. Nimeomba kazi sehemu 41, wameniita sita. Nikitoa karatasi ya bodi, mazungumzo yanaisha. Hospitali moja walikuwa wameshanipimia sare.

Sasa wiki iliyopita nyumba moja ya wazee wamenikubali. Msimamizi ameisoma amri yote. Akasema nafasi iliyopo ni ya usiku, wakazi 34, nesi mwenye usajili nitakuwa peke yangu, ila kwenye fomu za bodi wataandika mchana. Anataka jibu Ijumaa. Kodi ya nyumba nina deni la miezi miwili, na mama kila tukiongea anauliza mbona simtumii picha nikiwa na sare. Nikubali?

Kipepeo_Mweusi

Pole sana dada. Kwa nini usihame jimbo? Si kuna ule mkataba wa majimbo, leseni ya Texas unafanyia kazi hata kwa jirani? Nenda mahali wasipokujua uanze upya.

MamaNesi_Houston

Kipepeo, nia yako njema lakini utampoteza. Leseni ikishawekewa masharti, ule mkataba haumhusu tena. Anafanya kazi Texas tu mpaka masharti yaondolewe. Na amri ya bodi inaonekana kwenye Nursys, mtandao ambao mwajiri yeyote Marekani anaangalia leseni za manesi. Hakuna pa kwenda wasipojua.

Mwana_Pangani, mdogo wangu, nimesoma habari yako mara mbili. Mimi nilipita kwenye TPAPN, ule mpango wa Texas wa manesi wenye matatizo ya ulevi na dawa. Yangu yalikuwa vidonge vya maumivu. Nina miaka kumi na moja sasa sijavigusa. Nakujibu kama dada.

Usikubali hiyo kazi. Kadi ya mahudhurio ina saa uliyoingia na saa uliyotoka, na siku bodi ikiomba kumbukumbu, uongo ule utakuwa na sahihi yako, si ya msimamizi pekee. Halafu fikiria usiku wa kwanza tu. Mkazi wa chumba cha 12 ana saratani ya mifupa, anataka morfini yake saa nane. Nani atampa? Ni wewe peke yako mwenye funguo. Kabla hakujakucha umevunja masharti matatu: usiku, upweke na dawa.

Lakini hata bodi isingejua, bado ningekukataza. Umesema mwenyewe pombe ilianzia wapi. Ilianzia saa moja asubuhi, ukitoka zamu ya usiku, macho hayafungi. Hapo ndipo wanapotaka kukurudisha, tena safari hii ukiwa umebeba na siri.

Kuhusu vipimo, maana wengi wanaangukia humo bila kuonja pombe. Kile cha mkojo wanachokiita EtG kinatafuta masalia ya pombe hata siku mbili tatu baada ya kunywa, na kinanasa vitu vidogo. Dawa ya kusukutua mdomo yenye alkoholi, acha. Dawa ya kikohozi ya maji, soma lebo. Arki ya vanila kwenye keki, acha. Togwa ya shangazi kwenye shughuli, acha, hata kama ni ya watoto, kwa sababu imechachuka. Mikate yenye mbegu za afyuni juu nayo acha, hiyo inaleta kesi ya morfini. Kazini osha mikono kwa sabuni kila inapowezekana. Ukilazimika kutumia jeli, iache ikauke kabla hujaendelea, usijifukize mvuke wake. Na usijijaze maji kabla ya kupima. Mkojo ukiwa mwepesi kupita kiasi wanauandika, na wanaweza kudhani unaficha kitu. Kama unafunga Ramadhani, nenda asubuhi mapema baada ya daku. Mimi niliwahi kukaa pale kwa muda wa saa tatu, mchana wa saumu, mkojo hautoki, na kushindwa kutoa kunaweza kuhesabiwa kama kukataa.

La mwisho, kama bado hujapata uraia, usijaze fomu yoyote ya uhamiaji kabla hujakaa na wakili wa uhamiaji. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa. Wakili wa leseni ni mwingine na wa uhamiaji ni mwingine, usiwachanganye.

Msafiri_Dodoma

Naomba nisieleweke vibaya. Baba yangu amelazwa miezi miwili sasa. Nikijua anayemchoma sindano alikuwa mlevi au teja, sitalala. Kazi zipo nyingi duniani, kwa nini lazima unesi?

Baba_Zuwena

Msafiri, Mungu amponye mzee. Swali lako wagonjwa wangu wana haki ya kuliuliza, kwa hiyo nalijibu.

Nasimamia kliniki ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, jimbo lingine si Texas, mwaka wa kumi na mbili. Nimeajiri manesi wawili wenye leseni za masharti. Kati ya manesi wangu wote, ni hao wawili tu niliokuwa na ushahidi wa maandishi kwamba hawajanywa. Wengine nilikuwa nawaamini kwa macho. Na mmoja wa hao niliowaamini kwa macho ndiye niliyemkuta chooni siku moja, hana kesi, hana amri, hajulikani na yeyote. Majimbo yaligundua hili zamani, Florida walianzisha mpango wao tangu 1983: nesi akijua akikiri anafukuzwa, atajificha, na anayeumia ni mgonjwa.

Sasa dada wa Pangani. Tafuta kliniki za kusafisha damu za nje, zile wagonjwa wanakuja mara tatu kwa wiki na kurudi nyumbani. Usiombe za hospitalini, huko kuna kuitwa usiku. Kwetu dawa za kila siku ni heparini ya kuzuia damu isigande, sindano za kuongeza damu, madini ya chuma. Kabati la morfini hatuna. Jumapili kliniki nyingi zimefungwa. Na kanuni za Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, zinataka nesi kiongozi wa zamu awe na angalau miezi 12 ya uuguzi, mitatu kati yake kwenye kazi hii hii. Kwa hiyo mwaka wako wa kwanza siwezi kukuacha peke yako hata nikitaka, na hicho ndicho amri yako inachodai. Kitu kimoja tu ukiulize bodi kwa maandishi: sisi tunafungua saa kumi na nusu alfajiri. Pata jibu lao kama hiyo ni mchana, ulitunze.

Namna ya kuomba nayo ibadilishe. Ukiomba kwa kompyuta tu, karatasi yako inafika kwa watu wa ajira ambao hawana mamlaka ya kukubali masharti. Piga simu kliniki, omba kuongea na msimamizi wa manesi. Mwambie siku ya kwanza, usingoje waulize. Mimi niliyemwajiri alikuja na bahasha: barua ya ukurasa mmoja, nakala ya amri yenye mistari iliyopigwa rangi panaponihusu mimi mwajiri, orodha ya vipimo vyake vyote, na barua ya mshauri wake. Alieleza kwa dakika mbili, hakulia, hakujitetea, kisha akaniuliza swali kuhusu mashine zetu. Hapo nilijua ninaongea na nesi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu inamgusa pia aliyeacha ulevi, ila haimlazimishi mwajiri kukupa kazi ambayo amri yako hairuhusu. Ndiyo maana nasema tafuta kazi inayoingia kwenye masharti, usitafute masharti yalegezwe.

Mtoto_wa_Kinondoni

Kaka Msafiri, hilo neno teja nimeitwa mpaka na watoto wa mtaani kwetu. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, Muhimbili ilifunguliwa 2011, mimi nilianza 2012. Kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo, unafika dirishani, unakunywa dozi mbele ya nesi, unasema neno moja ili ajue umemeza. Kulikuwa na sista mmoja, kila nikimeza anauliza, "Umekula?" Sijui maisha yake ya nyuma. Lakini kwa jinsi alivyoijua arosto bila mimi kueleza, kuna kitu alikuwa amekiona kwa karibu. Siku nne nilikuja kwa sababu yake tu.

Dada, mama mwambie. Wangu alikuwa anajua kabla sijasema. Alikuwa anahesabu sufuria zilizobaki.

Msafiri_Dodoma

Nimekusoma, kaka. Lile neno nalirudisha. Dada, samahani.

Mwana_Pangani

Nimesoma yote, nimekaa jikoni nikalia, lakini si vibaya. Dada wa Houston, ulipotaja saa moja asubuhi mikono ilinitetemeka. Sikuwa nimeviunganisha.

Nimewaandikia wale wa nyumba ya wazee kwamba sitaweza. Mwenye nyumba nimemwomba nimlipe kidogo kidogo, amekubali mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kliniki za kusafisha damu nimeorodhesha saba ambazo nafika kwa basi, maana kuendesha bado sijaruhusiwa bila kile kifaa cha kupulizia kinachopima pombe kabla gari haijawaka. Kaka Baba_Zuwena, kuna jambo moja naomba unielekeze: kwenye ile barua ya ukurasa mmoja, nitaje na ile mara niliyorudia kunywa?

Baba_Zuwena

Taja. Sentensi moja, na tarehe. Ipo kwenye amri yako, atakayeisoma ataikuta. Afadhali aikute kwako kwanza.

Mwana_Pangani

Sawa kaka. Leo jina limetoka, naenda kupima. Mama nitampigia nikiwa njiani, Tanga itakuwa jioni, atakuwa ameshaswali magharibi. Barua naianza nikirudi.