MREJESHO: Grisi ya cheni ya pikipiki mikononi na kwenye suruali

Wakuu, niliuliza jinsi ya kutoa grisi nyeusi ya cheni mikononi na kwenye suruali ya kazi, na kama cheni yenyewe inafaa kuoshwa kwa petroli.

Mikono ndiyo imenishangaza. Mliosema mafuta hutolewa kwa mafuta mlikuwa sahihi: nilipaka mafuta ya kula mikono ikiwa mikavu, nikaongeza sukari kidogo, nikasugua mpaka uchafu ukalegea, ndipo nikatia sabuni ya maji ya vyombo na kusuuza. Kucha nilimalizia na mswaki mkuukuu. Ngozi haikuwasha kama nikinawa kwa petroli.

Suruali nimeitia sabuni ileile kabla ya kuilowesha, ikakaa kama nusu saa, kisha maji ya moto. Doa bado linaonekana kwa mbali, hivyo pasi kwanza hapana. Joto kavu la pasi hukaza mafuta kwenye nyuzi. Nitarudia.

Cheni nimesugua kwa mafuta ya taa na brashi, injini imezimwa. Petroli, mbali na hatari ya moto, huharibu vile viraba vidogo vya kwenye cheni vinavyozuia grisi ya ndani yake isitoke. Ilipokauka nikapaka oili ya gia, maana cheni kavu hulika haraka.