Nyusi: mikrobleding, za pauda au nibaki na wanja wangu?

mrembo_tegeta
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri wa kweli. Nyusi nilizitinda sana enzi za chuo mpaka zikagoma kuota, kila asubuhi nachora na wanja wa penseli napanda daladala nikifika kazini upande mmoja jasho limeshaufuta. Nimechoka, nataka za kuchorwa zikae. Saluni moja wanasema mikrobleding, nyingine wanasema za pauda, bei hazipishani sana. Ngozi yangu ya mafuta. Nichukue ipi?

fundi_wa_nyusi
Dada hii ndo kazi yangu. Mikrobleding ni kikalamu cha mkono, visindano vimepangwa safu kama wembe, kinachana vimistari vyembamba kama unywele, wino unaingia humo. Za pauda ni mashine inadonoa nukta nukta mpaka kinatokea kivuli kama umepaka wanja. Kwa ngozi ya mafuta vile vimistari havikai, vinatanuka vinaungana, mwisho unabaki na doa la kijivu, kwaiyo bora pauda. Zote zinafifia, mwaka 1 mpaka 3 hivi. Na baada ya kama wiki 6 unarudi kujaziwa, uliza mapema kama bei uliyotajiwa ina hiyo mara ya pili.

mama_wawili
Wiki ya kwanza usijiangalie sana kwenye kioo shosti. Mi zilikuwa nyeusi tii nikaona aibu hata kwenda dukani, zikaanza kutoa magamba, yanawasha, nikayabandua kwa kucha na wino ukatoka nayo, mpaka leo kuna pengo. Acha yadondoke yenyewe. Usizilowanishe, na kama unatumia mkorogo usiusogeze huko.

binti_kisauni
Mie wino wa kuchanja kwa dini yangu sifanyi, napaka hina. Ila iwe hina ya majani, si ile piko nyeusi ya kuchanganya na rangi nyeusi ya nywele, niliipaka harusini nikatoka malengelenge. Ni ile kemikali ya PPD iliyomo kwenye rangi hiyo, na mwili ukishaikataa basi hata kupaka nywele rangi kutakudhuru.

nesi_zamu_usiku
Mbona hamjamuuliza afya? Sindano zifunguliwe mbele yako zikitoka kwenye pakiti yake, za mtu mmoja kisha zitupwe, homa ya ini B na C na VVU vinapita kwenye damu ambayo hata huioni. Una mimba? Sukari? Dawa za kuzuia damu kuganda? Na ulipotoga masikio, kovu lilivimba?

mrembo_tegeta
Mimba sina wala sukari. Lakini sikio la kushoto lilivimba, nina kinundu kigumu mpaka leo, nilijua ni hereni feki.

nesi_zamu_usiku
Hiyo inaonekana ni keloidi mdogo wangu, kovu linaota kupita kidonda chenyewe, na sisi weusi ndo linatupata sana. Usichanjwe usoni kabla daktari wa ngozi hajakuona, tafadhali.

fundi_wa_nyusi
Naunga mkono. Hata ungekuja kwangu na hela mkononi ningekurudisha, uso hauna sehemu ya kuficha kovu.

mrembo_tegeta
Jamani ahsanteni, kumbe nilikuwa nimeshaweka nafasi Jumamosi, naghairi. Da binti, hina halisi naijuaje?

binti_kisauni
Yatoa rangi ya chungwa kwanza, kesho yake ndo yakoza kahawia. Ukiona imetoka nyeusi papo hapo, si hina hiyo, nawa haraka. Na ijaribu kwanza ndani ya mkono, ungoje siku 2.